Mto Nyamwamba hautatulizwa na katapila peke yake

Mvua kubwa ikishapita hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, watu huniuliza swali lilelile: katapila la kuzoa mawe mtoni litakuja lini? Mimi ni mhandisi wa maji, na jibu langu ni kwamba lije haraka, maana mawe yakijaa mtoni maji hutafuta njia kwenye nyumba za watu. Ila tukiishia hapo, tutazoa mawe mpaka wajukuu wetu waturithi kazi hiyo.

Nyamwamba unatoka juu kwenye milima ya Rwenzori, unapita bonde jembamba la Kilembe, kisha unaingia mjini penye tambarare kabla ya kuelekea Ziwa George. Mlimani maji yana kasi ya kusukuma majabali. Yakifika tambarare kasi inakufa, mzigo unabwagwa palepale, na mto unapoteza kina. Kibaya zaidi, yale yanayozolewa mara nyingi hurundikwa ukingoni, yakarudi mtoni mvua ijayo.

Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu za bonde hili. Mei 2013 mvua ikakuta miteremko iko wazi, ardhi ikaporomoka, mto ukashuka na mawe, magogo na tope hadi hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukafurika tena vibaya. Na kandokando ya mto kuna marundo ya mabaki ya mgodi wa shaba, ambayo maji yanayamega. Hilo linanitia hofu kuliko mawe.

Kwa hiyo nawasihi tuanzie mashambani, kwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro unaokata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya tuta unapanda majani ya tembo: mizizi inashika udongo, ng'ombe wanapata malisho. Usikadirie usawa kwa macho. Tengeneza fremu ya miti yenye umbo la A, ning'iniza kamba yenye jiwe, upime hatua kwa hatua. Mtaro ukiinama upande mmoja, maji yote yatakimbilia huko na kuchimba korongo.

Huku chini, mto unahitaji nafasi. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinatenga hifadhi ya mita 100 kila ukingo kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Lakini aliyejenga humo kwa akiba ya maisha yake hahamishwi kwa barua tu. Apatiwe kwanza kiwanja mahali pakavu, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti ileile inayolipia katapila.