Kuugua Baada ya Kuchanjwa: Ni Wangapi, na Kati ya Wangapi?

Surua ikiingia mtaani, iwe Mbagala, Tandale au Kinyerezi, haipiti wiki kabla hujasikia swali hili kwenye benchi la zahanati: "Nesi, mbona huyu alichanjwa?" Swali ni la haki kabisa. Jibu lililozoeleka, kwamba hakuna chanjo inayokinga kwa asilimia mia moja, ni la kweli lakini halimsaidii mzazi. Halimwambii ni watoto wangapi huugua hivyo, kati ya wangapi, wala kwa nini awe wa kwake.

Kwanza, nani anahesabiwa kuwa ameugua baada ya kuchanjwa? Ni mtu aliyemaliza dozi zinazotakiwa, mwili ukapata muda wa kujenga kinga (kwa chanjo nyingi ni kama wiki mbili), kisha vipimo vikathibitisha kwamba ameupata ugonjwa uleule aliochanjiwa. Mtoto aliyechomwa sindano Jumatatu na kutoka vipele vya surua Alhamisi hamo. Virusi vya surua huchukua takribani siku 10 hadi 14 tangu viingie mwilini hadi dalili zijitokeze, kwa hiyo mtoto huyo alikwenda kliniki akiwa navyo tayari. Mitaani visa kama hivi husimuliwa kuwa "chanjo imemletea surua", na vikishasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, hakuna anayekumbuka kuuliza tarehe.

Pili, neno ufanisi. Mtu akisikia chanjo ina ufanisi wa asilimia 95, hesabu inayomjia haraka ni kwamba katika watu 100 waliochanjwa, watano wataugua. Sivyo. Jaribio la chanjo ya Korona ya Pfizer mwaka 2020 linaonyesha vizuri. Lilikuwa na watu zaidi ya 43,000, nusu wakapewa chanjo na nusu sindano isiyo na dawa. Waliougua upande wa chanjo walikuwa 8, upande wa pili 162. Kila upande ulikuwa na watu kama 18,000 walioingia kwenye hesabu hiyo. Kama ile tafsiri ya haraka ingekuwa sahihi, wangeugua waliochanjwa 900. Waliugua wanane. Asilimia 95 inapatikana kwa kulinganisha 8 na 162: chanjo iliondoa sehemu 95 kati ya 100 za ugonjwa ambao ungetokea bila yake.

Ulinganishaji huu ni wa zamani. Waingereza wawili wataalamu wa takwimu, Major Greenwood na Udny Yule, waliuchambua mwaka 1915 wakishughulika na chanjo za homa ya matumbo na kipindupindu. (Major ni jina alilopewa na wazazi wake, hakuwa meja.) Wakati huo nao watu walibishana kama sindano inasaidia ama la, na wawili hao wakasisitiza kwamba huwezi kuamua mpaka uyaweke sawa makundi mawili, yawe yamekutana na ugonjwa kwa kiasi kilekile.

Kwa hiyo idadi ya watakaougua baada ya chanjo haitokani na chanjo peke yake. Inategemea pia virusi vimezagaa kiasi gani. Na surua ndiyo hodari wa kuzagaa: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 mahali ambapo hakuna mwenye kinga, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Fikiria daladala lililojaa jioni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728, na wengi wao kila siku wanapumua karibu na mtu wasiyemjua.

Sasa surua yenyewe na kadi ya kliniki. Nchini Tanzania mtoto huchomwa surua-rubela akiwa na miezi tisa, kisha miezi kumi na minane. Dozi ya miezi tisa huwakinga watoto kama 85 kati ya 100. Wale 15 waliobaki mara nyingi hawana kasoro yoyote. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, na mabaki ya kingamwili hizo yanaweza kukimaliza kirusi dhaifu cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujakitambua na kujifunza. Ungesubiri mpaka miezi 12, matokeo yangekuwa bora zaidi, karibu 93 kati ya 100. Lakini hapa surua ingali inazunguka na huwaua zaidi watoto wadogo, kwa hiyo kusubiri nako kuna gharama yake. Ndiyo maana dozi ya pili haipo kwa ajili ya kuongezea nguvu tu, kama wengi wanavyodhani. Kazi yake kubwa ni kuwapa nafasi nyingine wale ambao ya kwanza haikushika. Ukizichanganya zote mbili, ulinzi hufika kama 97 kati ya 100. Kwa mzazi anayeona miezi kumi na minane ni safari ya bure kwa kuwa mtoto "ameshachomwa", hili ndilo la kumweleza, na naona tunalieleza kwa uvivu.

Hapo ndipo tunafika kwenye takwimu inayowatisha watu kuliko zote: "Nusu ya wagonjwa walikuwa wamechanjwa!" Tubuni shule ya msingi ya watoto 1,000 huko Temeke. Watoto 950 wana dozi mbili, 50 hawana hata moja. Surua ikaingia, na tuseme inawapata watoto tisa kati ya kila kumi wasio na kinga. Kwa wale 50, wataugua 45. Kwa wale 950, chanjo haikushika kwa watatu katika kila mia, yaani kama 28 au 29, na kati ya hao wataugua kama 26. Wagonjwa wote ni 71, na zaidi ya theluthi yao wamechanjwa.

Halafu wahudumu wa afya wakahangaika hadi watoto 990 wakapata dozi mbili. Kwa hesabu ileile, waliochanjwa watakaougua ni kama 27, wasiochanjwa ni 9. Wagonjwa wameshuka kutoka 71 hadi 36, lakini robo tatu yao sasa wamechanjwa. Na wakichanjwa wote 1,000, kila atakayeugua, mpaka wa mwisho, atakuwa amechanjwa. (Kwa kweli shule ya namna hiyo ingekuwa na wagonjwa wachache zaidi ya hapo, kwa sababu virusi vingekosa njia ya kupita. Nimeliacha hilo ili hesabu isitupotee.) Karibu kila anayegongwa na gari kwenye Barabara ya Mandela amevaa viatu, na hakuna anayelaumu viatu. Ukipewa idadi ya wagonjwa waliochanjwa bila kuambiwa waliochanjwa wote ni wangapi, hujapewa kitu. Kule shuleni kwetu, mara ya kwanza, waliugua 45 kati ya 50 upande mmoja na 26 kati ya 950 upande wa pili.

Haya si ya shule za kubuni tu. Julai 2021, mji wa mapumziko wa Provincetown, Massachusetts, Marekani, ulipata mlipuko wa Korona baada ya sherehe za kiangazi. Kati ya wagonjwa 469 wakazi wa jimbo hilo, 346 walikuwa wamekamilisha chanjo, yaani asilimia 74. Kichwa hicho cha habari kilizunguka dunia nzima. Kilichozunguka kidogo ni kwamba chanjo jimboni humo ilikuwa imeshawafikia kama asilimia 69 ya wanaostahili, kwamba waliolazwa hospitali walikuwa watano tu, na kwamba hakuna aliyekufa.

Mlipuko huo ulionyesha jambo jingine pia. Kuambukizwa, kuugua na kuzidiwa ni vitu vitatu, na chanjo moja inaweza kuwa na ufanisi tofauti kwa kila kimoja. Chanjo ya Korona ya Janssen, ile ambayo Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 mwezi huohuo wa Julai 2021, ilipata katika majaribio kama asilimia 66 dhidi ya ugonjwa wa kati hadi mkali, na 85 dhidi ya ugonjwa mkali peke yake. BCG, inayoacha kovu begani kwa wengi wetu, huwakinga vizuri watoto dhidi ya kifua kikuu cha ubongo, lakini haiaminiki sana kwa kifua kikuu cha mapafu cha watu wazima.

Wala asilimia ndogo haina maana ya faida ndogo. Chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, ilijaribiwa Malawi na Afrika Kusini. Malawi ilipata ufanisi wa karibu asilimia 50 dhidi ya kuhara kukali, Afrika Kusini 77. Lakini kwa kuwa kuhara kulikuwa kwingi zaidi Malawi, huko ndiko chanjo ilikookoa zaidi: karibu visa 7 vikali viliepukwa kwa kila watoto 100, dhidi ya 4 hivi Afrika Kusini.

Jihadhari pia na umri. Ilipofika zamu ya chanjo ya Korona, Tanzania ilianza na wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 na zaidi na wenye maradhi sugu. Ukimlinganisha mzee wa kisukari aliyechanjwa na kijana wa bodaboda asiyechanjwa, unalinganisha miaka yao kabla hujafika kwenye chanjo.

Na si kila kipele ni surua. Rubela na virusi vingine huleta homa na vipele vinavyofanana, hivyo mtoto aliyechanjwa akitoka vipele, damu hupimwa kabla hajaingizwa kwenye hesabu. Ikithibitika ni surua, matibabu hayabagui: vitamini A leo, nyingine kesho, awe alichanjwa au la. Kadi bado anatakiwa kwenda nayo, maana nesi ataandika idadi ya dozi alizopata, sifuri, moja au mbili, na kutokana na tarakimu hiyo ndipo ufanisi hukokotolewa.