Jakuzi ina ukoko mweupe? Usililaumu ziwa kwanza

Juzi nimeitwa Isamilo hapa Mwanza, kuna dada jakuzi yake ya nyumbani imegoma kupata joto, ananambia fundi hita imekufa naomba uniwekee mpya. Nikazima umeme kwenye brekia, nikafungua bomba la hita, elementi imevaa ukoko mweupe mgumu, yaani kama wali ulioshika chini ya sufuria. Nikaweka multimita. Hita ya kilowati 3 kwa umeme wa volti 230 inatakiwa isome ukinzani wa karibu omu 17 au 18, ikasoma hivyo hivyo, na kati ya pini na bodi ya chuma hamna kitu, yaani umeme hauvuji. Hita nzima kabisa, imefunikwa tu.

Sasa kila mtu hapa mjini anaambiwa "maji ya Mwanza magumu", yaani yamejaa madini ya chokaa. Sio kweli jamani, na inaniuma kwa sababu watu wananunua hita mpya kila mara kwa ajili ya hilo neno. Maji ya bomba yanatoka ziwani na maji ya Ziwa Victoria ni laini, kalsiamu yake ndogo, ndo maana ukifulia sabuni inatoa povu haraka. Wenye visima hao habari yao nyingine, kuna kimoja nilipima Buswelu kipimo cha karatasi kikaenda mpaka rangi ya mwisho, huko ni kweli tatizo ni maji.

Kwahiyo nikamuuliza dada, unaweka nini humu? Akatoa ndoo ya klorini ya unga mweupe, nikasoma lebo, kalsiamu haipokloraiti. Halafu na magadi, kuna fundi alimwambia aweke kila wiki maji yasiwe makali. Basi jibu ndo hilo. Kila kijiko cha ile klorini kinaongeza kalsiamu, magadi yanapandisha alkali na pH (kipimo cha asidi, kikipanda asidi imepungua), hivyo viwili vikikutana ndo inatoka chokaa, ule ukoko mweupe, na maji yakipungua kwa mvuke ni maji tu yanayoondoka, madini yote yanabaki, unajazia, unaweka tena dawa, miezi inaenda.

Na joto ndo linamalizia. Sukari inayeyuka vizuri kwenye chai ya moto, chokaa ni kinyume, maji yakipata moto inakataa kukaa ndani yake inaganda, na sehemu yenye moto kuliko zote ni ngozi ya elementi. Ongeza jeti za hewa, zile zinafukuza gesi ya kaboni kama soda iliyoachwa wazi, pH inapanda yenyewe hata kama hujaweka kitu. Ukoko ukishakuwa mnene joto halitoki kwenda kwenye maji, elementi inaungua ndani, inapasuka, hapo sasa brekia inaanza kukata.

Kabla hujafanya lolote kwangua kidogo udondoshee siki. Ikitoa povu na kuchemka ni chokaa. Isipotoa, tafuta kitu kingine. Na kama jakuzi inasema maji hayazunguki, toa filta uwashe bila filta kwa dakika chache, ikikubali basi ni filta imeziba. Filta ioshe kwanza na sabuni ya kutoa mafuta ndo uiloweke kwenye asidi ya ndimu, ukianza na asidi mafuta yanashika humo humo.

Elementi mi huwa naitoa kabisa naloweka kwenye maji yenye asidi ya ndimu, naangalia, silazi usiku kucha, halafu nasuuza sana. Na tafadhali, asidi na klorini zisikutane hata kwenye ndoo moja, ile gesi inayotoka inaua. Asidi unaimimina kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi.

Baada ya hapo kaa na pH 7.2 mpaka 7.6, alkali shusha iwe karibu miligramu 80 kwa lita, maana alkali ikiwa juu pH nayo utaishusha leo kesho imepanda. Usishushe hovyo pia, maji laini yenye asidi yanakula chuma cha hita. Jeti za hewa funga kama hamna mtu ndani, funika, badilisha maji yote kila miezi mitatu au minne. Klorini tafuta ile ya chembechembe isiyo na kalsiamu, na usiichanganye na ile ya zamani yenye kalsiamu hata kwa kijiko kimoja, zinaweza kuwaka.

Yule dada tulimwaga maji yote tukajaza ya bomba, magadi nimemwambia ayaweke jikoni. Ananitumia picha ya kipimo kila Jumamosi, ya mwisho pH ilikuwa 7.4 na hita ni ile ile.