Kwa nini haidrojeni peroksaidi hutoa povu kwenye kidonda?

Kijana akianguka na bodaboda Mbagala akachubuka goti, hakosekani jirani wa kusema: "Mwagieni ile dawa ya povu." Chupa ya kahawia inaletwa kutoka duka la dawa, kidonda kinamwagiwa, povu jeupe linafumka na kila mtu anaridhika kwamba anaviona vijidudu vikifa. Wengine huendelea kumimina mpaka povu litulie, kwa kuamini kwamba likiwa jingi, uchafu nao ni mwingi.

Povu halipimi uchafu. Ni dawa yenyewe inayovunjwavunjwa na damu na nyama ya majeruhi, na gesi iliyomo ndani ya viputo vile ni oksijeni.

Ushahidi uko buchani. Dondoshea dawa hiyo kwenye kipande cha maini mabichi ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi: litafurika povu kuliko la kidonda, ingawa ini la mnyama mwenye afya halina kundi la vijidudu linalosubiri kuuawa. Chemsha kipande kingine hadi kiive, kikipoa kidondoshee vilevile, na hutaona povu la maana. Kiazi mviringo kibichi nacho hutoa povu. Sasa mimina kidogo kwenye kiganja kisichonawa tangu asubuhi lakini hakina mchubuko: kimya. Povu lingekuwa la uchafu, kiganja hicho kingeyashinda maini.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Japani. Mwaka 1946 Shigeo Takahara, daktari wa masikio, pua na koo, alimpasua msichana wa miaka 11 ambaye nyama ya kinywani mwake ilikuwa inaoza. Alipomimina haidrojeni peroksaidi kwenye jeraha, povu halikutoka. Damu ikageuka rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Kidonda kinachooza hakikosi vijidudu. Kilichokosekana ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kiitwacho katalesi, ambacho msichana yule na baadhi ya ndugu zake walizaliwa bila kuwa nacho cha kutosha.

Molekuli ya haidrojeni peroksaidi, H2O2, ni kama ya maji iliyoongezewa atomu moja ya oksijeni, na nyongeza hiyo huifanya isitulie. Miili yetu huizalisha kidogokidogo kila siku, na isipoondolewa huunguza seli. Ndiyo maana seli zimejaa katalesi, na mchubuko unapozipasua, katalesi hukutana na dawa uso kwa uso.

Ifikirie katalesi kama pantoni ya Magogoni, kile kivuko cha Dar kinachokwenda Kigamboni na kurudi. Katikati yake kuna atomu ya chuma. Molekuli ya kwanza ya dawa huiachia chuma hicho oksijeni moja, yenyewe ikaondoka ikiwa maji. Hapo pantoni imeshavuka, iko Kigamboni, na haiwezi kupakia tena Magogoni kabla ya kurudi. Inayoirudisha ni molekuli ya pili: huichukua ile oksijeni iliyoachwa, nayo ikagawanyika kuwa maji na gesi ya oksijeni. Pantoni imerudi gatini, haijapungua bamba wala boliti, tayari kwa safari nyingine. Kila kwenda na kurudi humaliza molekuli mbili za dawa. Tofauti ni mwendo: katalesi moja huweza kuvunja mamilioni ya molekuli kwa sekunde. Kuchemsha maini huharibu umbo la kimeng'enya hicho, na safari zinakoma.

Vijidudu navyo haviko mikono mitupu. Stafilokoka, wanaosababisha majipu, wana katalesi yao, na mafundi wa maabara hutumia tone la haidrojeni peroksaidi kuwatenganisha na streptokoka, ambao hawatoi povu. Kwa hiyo sehemu ya povu la kidondani huenda ikawa ya vijidudu kweli, ila ni povu la kujikinga.

Je, dawa haiui? Inaua, na juu ya meza iliyosafishwa inafanya kazi nzuri ikiachwa dakika kadhaa, kwa kuwa hapo hakuna damu ya kuivunja. Kidondani huisha haraka. Katika maabara imeonekana kudhuru seli zinazojenga ngozi mpya. Kwa wagonjwa wenyewe matokeo ya tafiti hayajakubaliana kama inachelewesha kupona. Kwa mchubuko, maji safi yanayotiririka na sabuni vinatosha. Kidonda chenye shimo usikipulizie kabisa, kwa sababu oksijeni ikikosa pa kutokea inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu, na watu wamewahi kufa hivyo. Mwenye kidonda cha namna hiyo apelekwe zahanati, aulizwe na chanjo ya pepopunda.

Asidi na dawa hii vina uhusiano wa siku nyingi. Mfaransa Louis Jacques Thénard aliipata mwaka 1818 kwa kutia asidi kwenye peroksaidi ya metali iitwayo bari, na hadi leo viwanda huifanya iwe na uchachu kidogo, kwa sababu humo hutulia. Saluni hufanya kinyume: amonia ya rangi ya nywele huiondolea utulivu ili ifanye kazi haraka. Lakini usihitimishe kwamba kuongeza siki hakuna neno. Zikichanganyika huzaa asidi ya perasetiki, inayochoma macho na koo. Tindikali ya kusafishia vyoo ni hatari zaidi, na hiyo usiichanganye na jiki pia, maana hutoa gesi ya klorini.

Soma namba kwenye chupa. Ya duka la dawa huwa asilimia 3, yaani lita moja hutoa takriban lita 10 za oksijeni, ndiyo maana huitwa "volyumu 10". Za saluni zinafika volyumu 40, asilimia 12, na hizo huunguza ngozi. Usiihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa: mwanga na joto la Dar huivunja upesi, gesi hujaa ndani, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.