Gari linatetema kwenye kilomita 80: jua kwanza ni nini kinachozunguka

Land Cruiser kuukuu ikianza kutetema kila ikifika kilomita 80 kwa saa, kawaida hapa Nakuru ni kubalansi magurudumu, halafu kununua shokabzoba, halafu kubadilisha krosi za propela (viungo vya shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli). Mtetemo ukibaki baada ya hayo yote, pesa zimekwenda na bado hakuna anayejua unatoka wapi. Mimi husisitiza jambo moja kabla spana haijaguswa: tafuta kitu kinachozunguka kwa mwendo uleule wa mtetemo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tairi ya 265/75R16 ina kipenyo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo kila mzunguko hulisogeza gari mita 2.5. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, maana yake tairi inazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Difu (gia za ekseli) ya 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko wa tairi, inaifanya propela izunguke mara 36 katika sekunde hiyohiyo. Mtetemo wa mara 9 unaupata mikononi au makalioni, karibu unaweza kuuhesabu. Wa mara 36 ni mvumo: sakafu inaunguruma na picha kwenye kioo cha ndani inakuwa na ukungu. Ukipanda hadi mara 72, shuku krosi au pembe za propela, kwa sababu krosi inayozunguka ikiwa kwenye pembe huongeza na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko. Zipo programu za simu zinazopima mtetemo na kuonyesha idadi yake kwa sekunde. Laza simu sakafuni karibu na reli ya kiti, na abiria ndiye asome.

Kwa majaribio napendelea sehemu tambarare za barabara ya kwenda Gilgil, asubuhi magari yakiwa machache. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa usiufanyie jaribio lolote. Malori mazito yanayoshuka pale hayana nafasi ya kukukwepa. Fika mwendo unaoleta mtetemo, kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari liteleze injini ikiwa inanguruma polepole. Usiizime, maana breki zitakuwa nzito na usukani pia. Mtetemo ukibaki, injini na klachi havihusiki. Ukiisha papo hapo, angalia mauntingi (mipira inayoshikilia) za injini na giaboksi, feni na klachi, lakini usiiondolee propela lawama bado: krosi au beringi ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela) iliyolegea mara nyingi hulalamika ikibeba nguvu ya injini na kunyamaza ukiachia. Ndiyo maana jaribio hili ulirudie kwa gia tofauti kwenye mwendo uleule. Angalizo ambalo mafundi wengi hulipita: kwenye Land Cruiser ya gia tano, gia ya nne ni moja kwa moja, injini na propela zinazunguka sawasawa. Ukijaribu kwa gia ya nne peke yake hutaweza kuvitofautisha. Tumia ya tano na ya tatu.

Magurudumu sasa. Kabla ya kulipia balansi, osha ndani ya rimu. Matope ya Molo na Njoro hukauka upande wa ndani kama saruji, na gramu mia moja za tope upande mmoja zinatosha kuutikisa usukani. Kisha inua gari, zungusha kila gurudumu na ushikilie penseli tuli karibu na ukingo wa rimu, halafu karibu na uso wa tairi. Pengo likibadilika zaidi ya milimita 1.5 hivi, rimu imepinda au tairi imeharibika, na balansi haitaponya hilo. Pitisha kiganja juu ya tairi kutafuta uvimbe. Nyuzi zikiachana ndani, tairi hiyo ni ya kutupa siku hiyohiyo. Hamisha magurudumu ya mbele nyuma: mtetemo ukitoka kwenye usukani ukahamia kwenye kiti, umeshapata jibu.

Magurudumu yakiwa safi, nenda kwenye propela, na hapa ndipo penye kazi. Jaribio la bure ni habu za mbele, zinazounganisha au kutenganisha magurudumu ya mbele na ekseli yao. Kama gari lina habu za kugeuza kwa mkono, jaribu zikiwa FREE, kisha zikiwa LOCK, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) ikibaki 2H, yaani nguvu ikienda nyuma tu. Kwenye FREE propela ya mbele haizunguki kabisa. Mtetemo ukija na LOCK pekee, tatizo liko mbele. Gari lisilo na habu hizo, fungua propela ya mbele, kawaida nati nne kila upande, uendeshe bila hiyo. Land Rover ya 4x4 ya kudumu lazima ufunge difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya ekseli mbili) kwanza, la sivyo haitasogea. Ukifungua propela ya nyuma ya Land Rover, kumbuka breki yake ya mkono iko kwenye transfa na inashika propela hiyo. Weka mawe kwenye magurudumu kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Piga alama ya rangi kwenye flanji zote mbili (visahani vinavyofungwa kwa nati) na kwenye splaini (meno ya sehemu ya propela inayoteleza) kabla ya kufungua. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni propela iliyochomolewa kwenye splaini kwa ajili ya kupaka grisi, ikarudishwa jino lolote. Propela ya nyuma, uma (mikono inayoshika krosi) za ncha mbili zinatakiwa zilale sambamba. Zikipishana, krosi mbili badala ya kufutiana mtetemo zinaujumlisha, hata kama zote ni mpya. Ya mbele iangalie kwa makini zaidi: baadhi ya Land Cruiser zilitoka kiwandani uma za mbele zikiwa zimepishana makusudi, kwa hiyo fuata alama, usikisie. Krosi ikunje kwa mkono pande zote mbili. Ikikwama katikati kama iliyo na kidato, sindano za beringi yake zimechimba, ibadilishe. Ukipiga grisi, endelea mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne.

Pembe huharibiwa na springi za nyongeza. Pikapu ya viazi ikiongezewa majani mawili ya springi, nyuma inapanda na pinioni inabaki ilipokuwa. Pima kwa programu ya pembe ya simu: flanji ya transfa na flanji ya pinioni ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1, na kila krosi ifanye kazi kwenye digrii 3 hivi gari likiwa tupu. Zaidi ya hapo, weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, bolti ya katikati iwe ndefu zaidi. Kabari ya aluminiamu huvunjika, siitumii.

Kuna ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu: usukani unapigapiga kwa nguvu baada ya shimo, na hauachi mpaka upunguze mwendo sana. Huo ni ulegevu wa ekseli ya mbele. Inua gurudumu, lishike juu na chini, tikisa. Mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni beringi za kingpini (mhimili ambao gurudumu hugeukia). Ukilishika kushoto na kulia unapima ncha za tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele). Dampa (shokabzoba) mpya ya usukani huficha tu ulegevu huo kwa wiki chache.

Propela iliyogongwa jiwe ikabonyea, au iliyopoteza kipande chake cha balansi, ipeleke kwa mashine. Kama mashine iko mbali, chora mistari minne kwa chaki kuzunguka ncha ya nyuma, funga klipu ya paipu kichwa kikiwa mstari wa kwanza, endesha, kisha pili, tatu, nne. Palipotulia zaidi, ongeza klipu ya pili na uzitenganishe vichwa kidogo kidogo mpaka mvumo uzame. Nati za flanji zikaze tena baada ya kilomita 50.