Kumtumaini Mungu maana yake nini hasa?

Yeremia 29:11 ni mstari ambao nadhani umebandikwa kila sehemu, kwenye stika za daladala, fulana za kwaya, stetasi za watu wakianza mwaka. Mawazo ya amani wala si ya mabaya. Sawa, ila mstari wa 10 unaokaa juu yake kabisa hakuna anayeuchapisha kwenye fulana, maana unasema hayo yatatokea baada ya miaka 70! Mistari hii iko kwenye barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, yaani wengi waliosomewa hiyo barua walikuwa wanaambiwa wao wenyewe watafia hukohuko.

Hapo ndo utaelewa kumtumaini Mungu ni kitu gani. Wengi tunadhani ni kuwa na uhakika kwamba nilichoomba kitakuja na kitakuja karibuni, mwezi huu usiishe. Huyo aliyekuwa anahubiri hivyo kwenye Biblia yupo, anaitwa Hanania, nabii wa uongo wa kwenye Yeremia sura ya 28, yeye aliwaambia watu ndani ya miaka miwili tu mambo yamekwisha, vyombo vya hekalu vinarudi, mateka wanarudi, akachukua na nira ya mti ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja mbele ya watu. Naamini walimshangilia, na sisi tungemshangilia. Mwaka haukuisha akawa amekufa, na mateka bado wako kulekule.

Yeremia yeye anawaandikia jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani huo mji mliopelekwa. Sasa mtu anayesubiri kurudi kwao kesho hapandi mti wa matunda. Kwahiyo kumtumaini Mungu ni kulishika neno lake halafu ukaendelea na maisha ya leo kwa kulifuata, tarehe ukamwachia yeye. Siyo kukaa tu na kusema "nimemwachia Mungu" wakati hata barua ya kuomba kazi hujaandika, hiyo ni kitu kingine jamani.

Na uaminifu unaingia hapohapo, kwasababu kusubiri muda mrefu ndo kunakomfanya mtu aanze kuchepuka. Mwangalie Danieli, alipelekwa Babeli akiwa kijana na amezeekea huko, wenzake ofisini wakamchimba watafute kosa kwenye kazi yake ya serikali wakakosa, hesabu zake ziko safi, hadi wakaona labda tumbane kwenye maombi yake. Na Danieli 9 inaonyesha alikuwa anaijua hiyo hesabu ya miaka 70, alikuwa anaisoma kabisa kwenye maandiko ya Yeremia.

Ila kisa ninachokipenda mimi kuliko vyote kiko Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe kafungwa kwenye uwanda wa walinzi, anakuja ndugu yake Hanameli anamwambia nunua shamba langu la Anathothi. Anathothi iko nje ya mji yaani hata kwenda kulikagua haiwezekani, nani ananunua shamba hapo? Akanunua. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, akaita mashahidi, hati ikaandikwa moja ya kutiwa muhuri na nyingine ya wazi, akamwambia Baruku, mwandishi wake, aziweke zote kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mungu alikuwa amesema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena nchi hii, basi yeye akatoa hela yake. Na baadae alichukuliwa kwenda Misri, hakuna mahali Biblia inasema alikuja kulilima hilo shamba.

Kuna watu wanaokwambia ukiuliza maswali basi huna imani. Soma kinachofuata, akishakabidhi hati tu anageuka kuomba, na katikati ya maombi anamwambia Mungu wazi kabisa, maboma ya adui hayo hapo yamefika, mji umeshatiwa mikononi mwao, nawe umeniambia ninunue shamba? Mungu hakumfokea, alimjibu, na jibu ni refu linaenda mpaka mwisho wa sura. Kwahiyo lipa kwanza kama umeambiwa ulipe, na maswali yako peleka tu.