Taa ya upepo imewaka kwenye kampa lako? Usikimbilie kuizima

Juzi kati liliingia kampa moja getini kwetu hapa Tabora, yale magari ya kulalia yenye kitanda na jiko ndani, mzee na mkewe wanatoka Dodoma wanaenda Kigoma kuona ziwa, wakapita karakana ya chuo kwa sababu walisikia brekii inalia. Nikamwamkia mzee, nikazunguka gari, nikaweka kiganja kwenye tairi la nyuma nikautoa mbio. Sawa tairi likitembea linapata joto, hilo kila mtu anajua, ila hili lilikuwa joto la chapati iliyotoka kikaangoni. Nikamuuliza mzee, vipi taa ya upepo, ile ya dashibodi inayoonya tairi likipungua upepo, haijawaka njiani? Akasema iliwaka Itigi asubuhi mwanangu, ila fundi alishaimaliza.

Sasa hapo kwenye "alishaimaliza" ndipo nataka tuongee leo, manake naona watu wengi wanadhani kazi ni kuizima taa.

Kilichotokea Itigi ni hivi. Tairi moja lilipigwa msumari, taa ikawaka, ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Kijana wa kijiwe cha pancha akatoa msumari akaziba, akaangalia stika pale mlangoni mwa dereva, imeandikwa mbele 5.0 nyuma 5.5, akajaza 55. Alafu akapima yale mengine akakuta 80 nyuma, akaona mbona yamezidi hivi, akayapunguza yote yalingane na stika, mbele 50 nyuma 55. Mzee akabonyeza kitufe cha kuseti upya, taa ikazimika, wakalipa, safari.

Simlaumu sana yule kijana. Ile 5.5 ni bar, na geji yake inasoma psi, vyote ni vipimo vya upepo ila havilingani. Bar moja ni psi 14.5, kwahiyo 5.5 ni karibu psi 80. Maisha yake yote anajaza Probox na Noah na IST za 30 mpaka 35, akiona 55 tayari anaona ni upepo mwingi wa kufa mtu. Na ukitoka kwenye bar unaweza kukutana na stika za Kijapani zimeandikwa kPa, hapo 240 ni psi 35. Andika namba za gari lako kwa psi kwenye karatasi, bandika karibu na usukani, ukifika kwa fundi usimwambie "jaza tu", mwambie nyuma nataka 80 mbele 73 na usimame hapo hapo uangalie geji.

Sasa kwanini taa haikuwaka tena na gari linatembea na upepo pungufu kwa karibu theluthi? Kwa sababu hizi taa zina aina mbili na hazifanani hata kidogo, japo alama ni ile ile, kile kitu kama chungu kilichokatwa kina alama ya mshangao katikati, rangi ya njano. Aina ya kwanza ina sensa ndani ya kila tairi, imeshikana na valvu, ina kabetri kake na inarusha taarifa kwa redio kwenda kwenye dashibodi, hii inajua psi halisi. Aina ya pili haina kitu chochote ndani ya tairi, inatumia sensa za ABS (ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga brekii) zinazohesabu mzunguko, tairi likipungua upepo linakuwa dogo kidogo kwahiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inashtuka. Aina hii haijui psi ni nini, inajua kulinganisha tu. Ukiyapunguza yote kwa pamoja alafu ukabonyeza kile kitufe, umeifundisha gari kwamba huo upungufu ndio sawa. Ndicho alichofanya mzee wetu bila kujua, na angeweza kufika Kigoma akiamini yuko salama kwa sababu dashibodi iko safi.

Kwahiyo kitufe kinabonyezwa mwisho, ukishapima na kujaza matairi yote kwa namba sahihi yakiwa ya baridi. Sio kabla.

Kitu kingine, angalia taa inawakaje. Ukiwasha gari ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, upepo umepungua mahali. Ukiwasha ikapepesa kama dakika moja hivi alafu ikatulia ikabaki inawaka, mara nyingi mfumo wenyewe una shida, sensa imekufa betri (zinadumu kama miaka 5 mpaka 10 na nyingi huwezi kubadilisha betri peke yake), au umefunga spea isiyo na sensa. Na kuna Toyota baadhi hata spea ina sensa, unahangaika na matairi manne yote yako poa kumbe lililopungua ni lile la chini ya gari huko. Hata ikipepesa pima tu, maana mfumo mbovu hautakwambia siku tairi likipungua kweli.

Kuna wanaoniuliza mbona kampa langu halina kabisa hiyo taa. Marekani walianza na sheria ya mwaka 2000 na ikafika Septemba 2007 magari madogo yote mapya lazima yawe nayo, inawaka upepo ukishuka asilimia 25. Ulaya magari madogo mapya yote ni tangu Novemba 2014, ila makampa, vani na malori walisubiri mpaka Julai 2022 kwa modeli mpya na Julai 2024 kwa yote mapya. Kwahiyo kampa la zamani, au Hiace na Coaster uliyotoa viti ukaweka kitanda mwenyewe, usitegemee. Na hesabu hiyo asilimia 25 kwenye tairi la 80, taa inakuja kuwaka uko 60, hapo ukuta wa tairi umeshaanza kujikunja na kupika.

Kama huna, zipo sensa za kufunga juu ya valvu badala ya kifuniko, na kaskrini kadogo unaweka kwenye kioo. Mimi nazikubali ila kwa masharti. Valvu ziwe za chuma, zile za mpira zikibebeshwa uzito wa sensa zinayumba barabarani mpaka zinachanika shingoni, alafu sensa ya kukulinda ndiyo inakutoa upepo. Na uiseti mwenyewe kwa namba za gari lako.

Ikiwaka ukiwa njiani, tuseme umeshapita Kaliua unaelekea Malagarasi na Uvinza, pale katikati ya pori: toa mguu kwenye mafuta taratibu, usipige brekii za ghafla, tafuta sehemu tambarare utoke barabarani kabisa. Shuka uangalie kwa macho na upime. Tairi la kampa lenye kuta ngumu linaweza kuonekana liko poa kabisa kwa macho na lina nusu ya upepo, kwahiyo lile teke la dereva halisemi kitu, beba geji yako. Kama nyuma una tairi mbili mbili, la ndani ndilo watu wanalisahau, likiisha upepo mwenzake anabeba mzigo wote huku lile bovu linasagika na kuchemka, na moto umeshaanzia hapo kwa malori mengi tu. Kama limepungua sana usiendeshe mpaka kijiji kinachofuata, funga spea.

Taa ikiwaka alfajiri tu na ikazima jua likipanda, hasa Juni na Julai baridi ya Tabora ikikaza, tairi halijakuchezea. Hewa ikipoa inasinyaa, kila nyuzi 10 zikishuka tairi la gari dogo linapoteza kama psi 2 na la kampa la 80 kama 3. Maana yake ulikuwa ukingoni tayari, ongeza. Ila mchana tairi likiwa la moto ukakuta psi 6 au 7 zimezidi usitoe upepo hata kidogo! Zimepandishwa na joto, ukizitoa kesho asubuhi uko chini. Pima gari likiwa limelala masaa matatu.

Na mzigo jamani. Tenki la maji la lita 100 ni kilo 100. Ukirudi kutoka Kigoma umepakia madumu ya mawese na gunia la dagaa, ukapita Tabora ukaongeza ndoo mbili za asali, ndoo ya lita 20 ya asali ni kama kilo 28 hiyo, sasa kampa linatembea na nini? Upepo wa stika unaenda na uzito wa mwisho uliokubaliwa, ukizidisha mzigo hakuna psi itakayokuokoa.

Kwa fundi pancha mwambie mapema ndani kuna sensa, asiingize mtaimbo upande wa valvu. Na soma ubavuni mwa tairi namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Makampa yanapaki sana, unakuta kashata (meno ya tairi) bado ndefu ila mpira umezeeka una nyufa.

Mzee wetu tukamwambia apumzike chini ya mwembe na mama mpaka matairi yapoe, mchana ukapita, vijana wangu wakajaza 80 na 73, tukapiga maji ya sabuni pale palipozibwa, hakuna povu, mwisho kabisa ndio akabonyeza kitufe chake. Ile brekii iliyowaleta ilikuwa kokoto tu.