Mko 15, mnashindwa nini?

Juzi tena. Mwanafunzi wa uzamili kapiga simu: "Dokta, shikamoo. Kamati ya maadili ya utafiti ina watu 15, andiko langu la utafiti kurasa 40, ni wiki ya sita sasa nasubiri kibali. Mnashindwa nini?" Marahaba. Nimechoka kulijibu hili kwa simu, kwa hiyo naandika. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Hakuna watu 15. Kuna majina 15 kwenye barua za uteuzi. Mwajiriwa wa kamati ni mmoja tu, karani wetu. Mimi katibu nafundisha, na Jumatano niko wodini. Wengine ni wahadhiri na madaktari wanaosoma maandiko yenu usiku watoto wakishalala, kwa posho ya kikao ambayo ukitoa nauli inabaki ya soda. Kila andiko linataka wapitiaji wawili. Sasa toa aliye masomoni, toa msimamizi wako, toa mtafiti mwenza wako (mgongano wa maslahi, hata kama hamsalimiani), toa wasiojua jenetiki. Kwa andiko la jenetiki nabaki na watu wawili, na mmoja wao ana maandiko manne tangu mwezi jana. Huyo simpigii simu tena, namvizia kwenye maegesho.

Kikao chenyewe ni nusu siku, akidi ikitimia.

Halafu mnahesabu maandiko mapya peke yake. Kibali chetu ni cha mwaka mmoja. Baada ya hapo kuna kuhuisha, kuongeza kituo, kubadili dodoso, kubadili mtafiti mkuu, taarifa ya mshiriki aliyelazwa, taarifa ya itifaki (mpango wa utafiti tulioupitisha) iliyokiukwa. Jaribio la chanjo likishaingia kwetu linatujia na makaratasi kwa miaka, na kila karatasi inataka msomaji. Nyie mnaona yaliyoingia mwezi huu, mimi naona yote yaliyo hai. (Kama una wabia wa nje, jua bado kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mbele yako. Hao usinipigie mimi.)

"Lakini langu ni dodoso tu." Dodoso la nini? Ukimuuliza mwanamke kuhusu kipigo cha mume, na mume yuko sebuleni anasikiliza, hilo si dodoso tu.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, toleo la 2024, linataka kamati iwe na rasilimali za kutosha na angalau mjumbe mmoja kutoka kwa umma. Mjumbe tunaye. Ni mwalimu mstaafu, hajui takwimu, na ndiye ninayemtegemea kuliko maprofesa. Mwaka jana alinyoosha mkono akauliza: "Huyu mtoto wa miezi tisa mnamtoa vijiko vitano vya damu vya nini?" Fomu ya ridhaa ya Kiingereza ilisema mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Aliyetafsiri aliiona 5 akaandika vijiko vitano. Wapitiaji wawili wenye shahada za uzamivu walishaipitisha.

Hapo ndipo na mimi nina wasiwasi wangu. Andiko lilelile, mpitiaji mmoja atasema lipite, mwingine atasema lirudi. Tukichoka tunasahihisha tahajia, maana ni rahisi kuliko kuuliza kama utafiti wenyewe una maana. Na ziara za ukaguzi huko vijijini tunafanya chache mno. Mengi tunayojua kuhusu washiriki tunayasoma kwenye ripoti ya mtafiti mwenyewe. Kama tunawalinda kweli au tunalinda faili, kuna siku sijui.

Andiko la yule kijana nimelitafuta. Wiki nne kati ya sita lilikuwa linamsubiri yeye: tulimwomba fomu ya ridhaa ya Kiswahili, barua pepe hajaijibu mpaka leo. Wiki mbili za mwanzo ni zetu. Lilikuwa kwa yule wa maegesho.